Umri mrefu unaoning'inia kiunoni

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Kijana akimwamkia mzee shikamoo, na mzee akaitikia marahaba, mara nyingi mzee haishii hapo. Huongeza dua: "Mungu akupe umri mrefu, mwanangu." Ni dua tuliyoizoea mno, hata hatujiulizi tena maana yake. Umri mrefu ni miaka mingapi? Ni sitini? Ni mia? Na mtu akisha kupewa miaka hiyo yote, aifanyie nini, na akae na nani?

Juma hili nataka tulitazame swali hilo kwa kupitia kitu kidogo sana, ambacho ukikifumba kiganjani hakionekani tena. Ni sanamu ndogo zilizochongwa na mafundi wa Japani tangu zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, nazo huitwa netsuke. Wajapani wenyewe hulitamka jina hilo kwa haraka, kama "netske".

Mimi niliziona kwa mara ya kwanza nyuma ya kioo cha jumba la makumbusho mjini London. Kati yake alikuwamo kobe mmoja ambaye ganda lake lingeweza kukaa juu ya sarafu. Kichwa kimechongwa vizuri, makucha yanahesabika, lakini nyuma yake umemtoka mkia mrefu wa nyuzinyuzi kama ufagio. Nikajisemea moyoni, fundi huyu hakuwahi kumwona kobe! Kobe gani ana mkia kama wa farasi? Baadaye nilipoelezwa maana ya mkia ule nilitambua kwamba asiyejua kobe hakuwa fundi, bali nilikuwa mimi. Nitaurudia mkia huo baada ya muda mfupi. Kwanza tuelezane netsuke ni kitu gani.

Kati ya mwaka 1603 na 1868 Japani ilitawaliwa na majemadari wa ukoo wa Tokugawa, na makao yao yalikuwa mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo. Wakati huo mavazi ya watu, wanaume kwa wanawake, yalikuwa kimono, lile joho pana linalofungwa kiunoni kwa mshipi. Kimono haina mifuko. Karatasi au leso unaweza kuitia ndani ya mkono mpana wa nguo, lakini vitu vizito humo havikai. Basi mwanamume alivifunga vitu vyake kwa kamba na kuvining'iniza kiunoni: kifuko cha fedha, mkoba wa tumbaku na kiko, na kijisanduku chenye vyumba vidogo vilivyopandana kama bakuli za kubebea chakula. Kijisanduku hicho kiliitwa inro, na ndani yake mtu aliweka dawa zake.

Kamba ile ilipitishwa chini ya mshipi ikatokea juu. Lakini kitu gani kitaizuia isichomoke? Ndipo ilipowekwa netsuke kwenye ncha ya juu, ikakaa juu ya mshipi kama kishikizo, na mzigo ukaning'inia chini bila kuanguka. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno mawili: ne, yaani mzizi, na tsuke, yaani kufungia. Katikati ya kamba palikuwa na ushanga mmoja wa kukazia mdomo wa mfuko. Huo ndio mtambo wote. Hapo mwanzo hata kipande cha mzizi, gamba la koa au kibuyu kidogo kilitosha.

Tumbaku ndiyo iliyoongeza shughuli. Iliingia Japani mwishoni mwa karne ya 16 pamoja na Wareno, hao hao ambao mnamo mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Uvutaji ulipoenea, kila mwanamume alitaka mkoba wa tumbaku, na kila mkoba ulitaka kishikizo. Isitoshe, watawala wa Edo walitoa amri nyingi za kuwakataza wafanyabiashara wasivae kifahari kupita daraja lao. Mwenye fedha asiyeruhusiwa kuvaa hariri ya fahari aliweza kuionyesha fedha yake kwenye kitu kidogo kama netsuke. Hivyo kishikizo kikageuka kazi ya sanaa. Mwaka 1781 ulichapwa mjini Osaka ukusanyaji wa habari za mapambo ya aina hii, nao ukataja kwa majina zaidi ya wachongaji hamsini wa netsuke. Maana yake ni kwamba wakati huo watu walikwisha kuuliza si tu "Umenunua wapi?" bali "Imechongwa na nani?"

Kazi hiyo ilikuwa na masharti yake, na masharti ndiyo yaliyoipa umbo. Netsuke nyingi zina urefu wa sentimita tatu mpaka tano au zaidi kidogo. Lazima iwe na matundu ya kupitisha kamba, na matundu yasiharibu sura ya sanamu. Lazima iwe laini pande zote, kwa sababu ikiwa na ncha itachana mkono wa kimono, na ikiwa na sehemu nyembamba itavunjika siku ya kwanza. Lazima ipendeze hata upande wa tumboni, kwa kuwa mwenye nayo ataigeuzageuza mkononi kila anapovuta tumbaku. Na kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyong'aa. Netsuke iliyoguswa kwa miaka mia moja ina mng'ao ambao fundi hawezi kuutengeneza kwa siku moja.

Ndugu msikilizaji, wachongaji walichonga karibu kila kitu chini ya jua: panya, mapepo, wacheza mieleka, vinyago, uyoga, watoto wanaocheza. Lakini miongoni mwa hayo yote kuna kundi moja lisilokosekana, nalo ni alama za kuomba umri mrefu. Wala hilo si ajabu. Edo haikuwa mahali pa kuzeeka kwa urahisi. Ndui na surua zilipita mara kwa mara na kuchukua watoto. Mtu aliyebeba kijisanduku cha dawa kiunoni alikuwa na sababu ya kukibeba. Dawa ilikaa chini ndani ya inro, na dua ilikaa juu kwenye netsuke, na kamba moja ikaviunganisha vyote viwili.

Sasa turudi kwa yule kobe wangu. Wajapani wana msemo wa zamani kwamba korongo huishi miaka 1,000 na kobe huishi miaka 10,000. Bila shaka hakuna aliyewahi kuhesabu. Lakini kobe wa majini akizeeka, mwani huota juu ya ganda lake, na anapoogelea mwani ule humfuata nyuma kama mkia. Kumbe ule haukuwa mkia hata kidogo, ulikuwa ni mwani! Wajapani walipouona waliufananisha na koti la mvua la majani makavu ambalo wakulima wao waliliita mino, nao wakamwita kobe huyo minogame. Kwa hiyo fundi anapochonga kobe wenye "mkia" anatuambia kwamba huyu amekaa duniani mpaka mimea imeota mgongoni mwake. Katika mji wa Gifu, karne ya 19, palikuwa na mchongaji aitwaye Tomokazu ambaye alisifika kwa kobe. Na mara nyingi wachongaji hawakumwacha kobe peke yake. Walimweka mtoto mgongoni mwa mama, na mjukuu juu ya mtoto, wote wamepandana kama sahani. Hapo tayari pana jibu la kwanza la swali letu: umri mrefu wenye maana ni ule wa kuwaona wajukuu.

Kobe ni rahisi kwa mchongaji, kwa sababu Mungu mwenyewe amemviringa. Korongo ni taabu. Ndege yule ni shingo, mdomo na miguu mitupu, vitu ambavyo netsuke haivitaki. Ndiyo maana mara nyingi utamwona amejikunja, shingo imerudishwa mgongoni, miguu imefichwa chini ya tumbo, akawa kama yai. Ukimtazama haraka utadhani amelala, kumbe amekunjwa hivyo kwa ajili ya usalama wa nguo ya mtu.

Lakini alama ninayoipenda kuliko zote ni ya wazee wawili, bibi na bwana, waitwao Jo na Uba. Jo ameshika reki, Uba ameshika ufagio. Habari zao zimo katika mchezo wa kale wa kuigiza uitwao Takasago, uliotungwa na Zeami, bingwa wa michezo hiyo aliyeishi mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15. Kasisi mmoja yumo safarini kuelekea mji mkuu. Anafika pwani ya Takasago na kuwakuta wazee wawili wakifagia chini ya msunobari. Anawauliza: kwa nini msunobari huu wa Takasago na ule wa Sumiyoshi husemwa kuwa ni miti iliyooana, na hali ipo mbali mbali, katika majimbo tofauti? Wazee wanamjibu kwamba hata binadamu walio mume na mke wanaweza kutengwa na maji na milima na bado mioyo yao ikatembeleana. Mwisho wanamfunulia siri: wao wenyewe ndio roho za misunobari hiyo miwili.

Msunobari haupukutishi majani yote wakati wa baridi, hukaa kijani mwaka mzima, ndiyo sababu ukawa alama ya umri. Tena majani yake kule Japani, ambayo ni kama sindano, huota mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, na yakianguka huanguka mawili. Reki ya mzee, watu husema, ni ya kukusanyia heri. Ufagio wa bibi ni wa kufagilia mbali shari. Mpaka leo sanamu za Jo na Uba hutolewa zawadi za uchumba, na maneno ya mchezo ule yameimbwa arusini kwa karne nyingi. Mchongaji wa netsuke aliwaweka wazee hao wakiegemeana, reki na ufagio vimebanwa mwilini ili visikwaruze, wote wawili ni kipande kimoja cha mti. Huwezi kuwatenganisha ila kwa kuvunja.

Alama nyingine ni za kuchekesha, kwa maana Wajapani wa Edo hawakuona kosa kuicheka miungu. Kati ya miungu yao saba ya bahati, wawili ni wazee wa umri mrefu. Mmoja ni Jurojin, mwenye fimbo na hati ya kukunja, akifuatana na kulungu mwenye pembe za matawi. Wa pili ni Fukurokuju, ambaye jina lake linabeba mambo matatu: furaha, neema na umri. Huyu ana paji la uso refu kama kibuyu, na katika michoro ya kienyeji ya mji wa Otsu utaona mwenzake, mungu wa utajiri, ameegemeza ngazi kichwani pake na amepanda juu kumnyoa. Wote wawili wametokana na imani moja ya Kichina, iliyosema kwamba nyota fulani ya kusini ndiyo inayosimamia umri wa watu. Nyota hiyo si ngeni kwetu. Ni ile ile ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliijua kwa jina la Kiarabu la Suheili, wakaitumia kutafutia njia usiku. Huko China na Japani huonekana chini sana karibu na upeo wa macho, au haionekani kabisa. Kitu kisichoonekana kwa urahisi hupewa heshima kubwa.

Yupo pia mwizi mmoja. Hadithi ya Kichina inasema Malkia wa Magharibi alikuwa na bustani ya mifyulisi, au kama wengine wanavyoita, mipichi, iliyozaa mara moja tu kila baada ya miaka 3,000. Mtu aitwaye Tobosaku kwa Kijapani aliyaiba matunda matatu akayala, akaishi miaka 9,000. Hesabu yake ni nyepesi, tunda moja miaka elfu tatu. Katika netsuke utamwona mzee huyu amekumbatia fyulisi kubwa na anacheka kama mtoto aliyekamatwa na embe za jirani. Hana majuto yoyote.

Hata kamba koche wa baharini ameingia katika orodha. Kijapani huandikwa kwa alama zenye maana, na jina la kamba huweza kuandikwa kwa alama mbili: "bahari" na "mzee". Tazama mgongo wake uliopinda na masharubu yake marefu, utaona kwamba aliyeandika hivyo hakukosea. Ndiyo maana kamba huonekana katika mapambo ya mwaka mpya. Kumwombea mtu aishi mpaka apinde mgongo kama kamba, kwao ni baraka.

Hadi hapa, ndugu msikilizaji, utadhani wachongaji hawa waliimba wimbo mmoja tu, kwamba kuishi miaka mingi ni jambo jema na basi. Sivyo. Wao pia walichonga mafuvu ya vichwa vya watu, na matunda yaliyooza yenye nyigu ndani. Na juu ya yote walimchonga mvuvi aitwaye Urashima Taro.

Hadithi yake ni ya kale sana, imo katika kitabu cha historia kilichokamilishwa mwaka 720. Kama inavyosimuliwa siku hizi, Urashima alimwokoa kobe aliyekuwa akiteswa na watoto ufukoni. Kwa shukrani kobe akambeba mgongoni mpaka jumba la mfalme wa bahari, naye akakaa huko na binti mfalme kwa raha isiyo na kifani. Baada ya miaka mitatu akawakumbuka wazazi wake. Binti mfalme akamruhusu, akampa kijisanduku akamwambia: usikifungue kamwe. Urashima akarudi kijijini. Akaitafuta nyumba yao, haipo. Akauliza majina ya wazazi wake, hakuna anayeyajua. Miaka mitatu ya baharini ilikuwa miaka 300 ya nchi kavu. Kwa uchungu akakifungua kijisanduku. Ukatoka moshi mweupe, na hapo hapo nywele zake zikawa mvi, mgongo ukapinda, akawa mzee sana.

Sisi tuna methali: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Sijui kama aliyeitunga alipata kuisikia hadithi hii, wala sidhani. Lakini sijaona mahali ambapo methali yetu imechorwa waziwazi namna hiyo. Katika netsuke utamkuta Urashima mara juu ya kobe, mara amepiga magoti na kijisanduku kimefunguka. Ni kobe yule yule wa miaka 10,000, ila sasa amebeba onyo. Urashima alipewa umri mrefu kuliko mtu yeyote kijijini kwao, na haukumfaa kwa lolote, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwambia "unanikumbuka?" Weka Urashima mkono mmoja, weka Jo na Uba mkono mwingine, utaona kwamba mafundi wale walikwisha kulijibu swali letu. Jo na Uba nao ni wazee wenye mvi na migongo iliyopinda. Tofauti ni kwamba wako wawili.

Sasa niseme neno juu ya mali ghafi, kwa sababu hapa habari inafika nyumbani kwetu. Netsuke nyingi zilichongwa kwa mti, hasa mti mgumu wa rangi ya manjano uitwao tsuge. Nyingine zilichongwa kwa pembe za kulungu, meno ya nguruwe mwitu, na pembe za ndovu. Lakini Japani haina tembo. Katika enzi ya Edo pembe ziliingia kwa kiasi kidogo kupitia bandari ya Nagasaki, ambako Waholanzi na Wachina peke yao ndio walioruhusiwa kufanya biashara. Ilikuwa mali adimu, hata wachongaji wengi walitumia mabaki yaliyotupwa na mafundi wa vifaa vya muziki.

Baada ya mwaka 1868 mambo yaligeuka. Wajapani wakaanza kuvaa suti zenye mifuko na kuvuta sigara, na netsuke ikakosa kazi. Lakini wageni wa Ulaya na Marekani wakazipenda, wakazinunua kwa makasha. Mfinyanzi wa Uingereza, Edmund de Waal, aliandika mwaka 2010 habari za netsuke 264 za familia yake zilizonunuliwa Paris katika karne ya 19 na kupelekwa Vienna. Mwaka 1938, Wanazi walipoipora nyumba ya familia hiyo ya Kiyahudi, mtumishi wa nyumbani aitwaye Anna alizitoa kidogo kidogo mfukoni mwake akazificha ndani ya godoro lake. Majumba na benki vilikwenda, netsuke zikabaki. Kile kilichokuwa kishikizo cha mtu asiye na mifuko kiliokolewa kwa mfuko wa aproni.

Katika karne ya 20 Japani ilitajirika, na kufikia miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa pembe za ndovu duniani. Sehemu kubwa haikuchongwa sanamu bali mihuri ya majina, ambayo Wajapani huitumia badala ya sahihi. Tembo wa Afrika waliokadiriwa kuwa milioni 1.3 mwaka 1979 walibaki kama 600,000 mwaka 1989. Mwezi Julai mwaka huo Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe. Mwezi Oktoba, katika mkutano uliofanyika Lausanne, Uswisi, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kupendekeza biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ipigwe marufuku, na pendekezo likapita.

Mimi siwalaumu wachongaji wa Edo, waliookota mabaki yaliyotupwa. Lakini siwezi kuyapita haya bila kusema. Tembo akiachwa anaweza kuishi miaka sitini na zaidi, na katika kundi la tembo anayejua maji yako wapi wakati wa ukame ni jike mzee. Wawindaji haramu hutafuta pembe kubwa, na pembe kubwa wanazo wazee. Basi kuchonga dua ya umri mrefu kwa jino la mzee aliyeuawa kwa risasi ni sawa na kumwombea mtu baraka kwa mali ya wizi. Dua haikai vizuri mdomoni.

Na dawa ya jambo hilo ilikuwapo tangu zamani. Kulungu, yule rafiki wa mungu Jurojin, huziangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Unaweza kuiokota pembe msituni na mwenyewe yu hai anakula majani upande wa pili wa kilima. Palikuwa na wachongaji wa Edo waliozipenda pembe hizo hasa, pamoja na vinyweleo vyake na mipindo yake. Wachongaji wa netsuke wapo hadi leo, na wengi wao hutumia mti na pembe za kulungu. Hiyo ni dua isiyomdhulumu mtu wala mnyama.

Ndugu msikilizaji, je, dua za kiunoni zilijibiwa? Nchi ya Japani ilianza mwaka 1963 kumpa kila anayetimiza miaka 100 kikombe cha fedha cha kunywea sake, kinywaji chao cha mchele. Mwaka ule watu waliofikia umri huo katika nchi nzima walikuwa 153. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 95,000. Vikombe vikawa vingi hata serikali ikalemewa, na mwaka 2016 ikaacha kutoa vya fedha tupu, ikaanza kutoa vilivyopakwa fedha juu. Kobe wamezaliana mpaka mwenye nyumba anahesabu gharama!

Lakini Wajapani hao hao wana neno maalumu la kumtaja mtu anayefariki peke yake nyumbani, asijulikane kwa siku nyingi mpaka majirani wanapoanza kushangaa. Mara nyingi ni mzee. Amefikia umri wa Jo na Uba, lakini ameishi mwisho wa Urashima. Wala tusiwanyoshee kidole. Sisi nasi tuna vijiji ambako nyumba ni ya bibi mmoja na mlango mmoja, na watoto wako mjini wanatuma salamu. Tunasema kwenye wazee haliharibiki neno, lakini mara ya mwisho kukaa nao mkekani na kulisikiliza neno hilo ilikuwa lini?

Kwa hiyo mzee akikuombea umri mrefu, itikia amina, kwa sababu ni dua njema. Kisha usiondoke upesi. Chukua ufagio umfagilie uwanja, au keti umwulize habari za zamani, maana kesho wewe ndiye utakayetafuta mtu wa kukuuliza.

Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo. Kwaherini.